Mkilifi Si wa Kilifi

Tuanze na jina, maana pwani hii majina yameshadanganya watu wazima. Mwarobaini una jina la pili ambalo wazee bado wanalitumia: mkilifi. Mgeni akilisikia atadhani huo ndio mti wa kwetu hasa, uliozaliwa Kilifi ukakulia Kilifi. Wapi! Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Ulivuka bahari pamoja na watu, ukalipenda joto letu, ukatulia. Sasa utazame mkwaju. Huo ni mti wa Afrika tangu jadi, lakini Waarabu waliliita tunda lake tende ya Hindi, na wataalamu wa Ulaya wakalichukua jina hilo na kuligonga muhuri wa Kilatini, Tamarindus indica. Kwa hiyo mgeni tumempa Kilifi, mwenyeji tumempa Uhindi. Na kila tunapoambiwa tutoke tukapande miti, tunapanda kwa kufuata kosa hilohilo.

Pita Kisumu Ndogo, hapa Malindi, saa nane mchana mwezi wa Februari, kabla mtu hajaanza hata kuota masika. Mabati yanalia kwa joto. Makuti yalikuwa yakimsamehe mtu; bati halisamehi. Ukiona watu wamekusanyika mahali, mama muuza viazi karai, vijana wa bodaboda, mzee na redio yake, jua hapo pana kivuli, na mara nyingi kivuli chenyewe ni cha mwarobaini mmoja ambao hakuna aliyeupanda kwa sherehe.

Sina ugomvi na mwarobaini huo. Majani yake yamechemshiwa homa zetu, vijiti vyake vimesafisha meno yetu. Wachongaji vinyago wa pwani, muhugu ulipoanza kuadimika msituni, ni mwarobaini waliokimbilia. Atakayekuja na shoka aukate ati anarudisha asili, mimi nitakuwa wa kwanza kumzuia, maana atamwacha mama wa viazi juani miaka kumi. Shida ya mwarobaini ni nyingine: haukai ulipowekwa. Ndege na popo hula matunda yake na kuziangusha mbegu mbali, na katika vipande vya misitu ya pwani umeshaingia, unajipandia wenyewe. Mti wa namna hiyo haudai kitalu, haudai fedha za umma, haudai hotuba ya mheshimiwa. Basi kwa nini lori la miche likija linakuja na mwarobaini, mjohoro na mvinje?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Ni na lori.

Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Gawanya mwenyewe: bilioni moja na nusu kwa mwaka, zaidi ya milioni nne kila siku, Jumapili na Idd zikiwemo. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa siku nzima ya mapumziko ili tuipande. Nia sikatai. Lakini nambari ya ukubwa huo ikishatamkwa, inaanza kuchagua miti yenyewe. Mwenye kitalu aliyeambiwa alete miche laki moja kwa miezi mitatu hatakwenda kuhangaika kutafuta mvule jike. Atakwenda penye mbegu za gunia: mwarobaini, mjohoro, mvinje, mkaratusi, mgrevilea. Si mtu mbaya. Zabuni ndiyo iliyomwelekeza, na zabuni huhesabu vichwa. Haiulizi mbegu ilitoka wapi, wala mti uko wapi baada ya kaskazi mbili kuvuma. Shule moja ya hapa, sitaitaja, ilipokea miche kwa mbwembwe. Ikapandwa asubuhi kwenye mashimo ya kina cha kiganja, picha zikapigwa, na kufikia likizo jua na mbuzi walikuwa wameshagawana.

Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilikuta miti inafunika asilimia 12.13 ya nchi, maana yake tumeshaivuka ile asilimia 10 ya ibara ya 69 ya Katiba. Hongera zetu. Nenda kawaambie watu wa Kisumu Ndogo saa nane mchana.

Na tusijifanye hatujawahi kuonywa. Machimbo ya mawe ya saruji kule Bamburi yanasifiwa, na kwa haki: mvinje uliopandwa tangu miaka ya 1970 juu ya mwamba mtupu umezaa bustani ambayo watoto wa shule hupelekwa kuona twiga na viboko. Lakini ni katika kazi hiyohiyo ya kufufua machimbo, mwaka 1973, mathenge ulipoingizwa nchini, mbegu zake zikitoka Brazil na Hawaii. Miaka ya 1980 ukasambazwa maeneo makavu, Baringo na Tana River, kwa nia njema kabisa: jangwa lizuiwe, kuni zipatikane, mifugo ile maganda. Leo umeziba malisho na njia za maji. Wafugaji wa Baringo waliishtaki serikali, wakampeleka mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa utamu wa maganda hayo, awe ushahidi. Mimi naona huyo mbuzi alistahili kukaa kwenye kila kamati ya upandaji miti nchini. Na Tana River si mbali na sisi. Ukivuka Sabaki na kunyoosha barabara ya Garsen, umefika.

Sasa mbegu. Watu wakisikia mbegu za kienyeji wanadhani ni mambo ya mapenzi na utamaduni, ya kuvishwa leso na kupigiwa ngoma. Ni jambo la kiufundi kabisa. Mbegu za miti hazina tabia moja. Mbambakofi, mti ambao mbao zake zilichongwa milango ya Waswahili, una mbegu nyeusi ing'aayo yenye kofia nyekundu, ngumu kama kifungo. Iweke mahali pakavu, itakungoja miaka. Siku ukiitaka, unaikwaruza kidogo kwa tupa upande usio na kofia, unailoweka usiku mmoja, unaizika, unasubiri. Mbuyu nao ni jeuri vilevile, hauoti mpaka ganda la mbegu limechokozwa. Na mche wake ukitoka usiung'oe ukidhani ni magugu, maana majani ya utotoni huwa moja moja, hayana vile vidole vya mbuyu mkubwa. (Mbegu za mabuyu ya sukari, yale mekundu ya dukani, msihangaike nazo, zimeshapikwa pamoja na rangi. Tafuta mabuyu makavu ndani ya ganda lake.) Mkwaju ndio rahisi kuliko yote. Muuza juisi ya ukwaju, kama hauchemshi, hutupa kitalu kizima jalalani kila jioni.

Halafu kuna mbegu za aina ya pili, zisizojua kusubiri. Mnwamaji ni mmojawapo. Mbegu yake ikikauka imekufa. Lazima ioteshwe ingali mbichi, muda mfupi baada ya kuanguka. Mvule nao mbegu zake ni ndogo mno na nguvu yake ya kuota haidumu. Mbegu kama hizi huwezi kuzipeleka hadi Muguga kwenye kituo cha mbegu cha KEFRI, zikahifadhiwa, zikaingia kwenye zabuni, zikarudi pwani mwakani. Zitafika maiti. Kitalu chake lazima kiwe mwendo wa baiskeli kutoka kwenye mti mama. Ndiyo maana lori haliwezi kutuletea mnwamaji hata likitaka, na ndiyo maana nasema suala la mbegu za karibu halikuanza kwenye mapenzi. Lilianza kwenye unyevu wa mbegu. Elimu yenyewe ipo. KEFRI wana kituo Gede, mwendo wa matatu tu kutoka Malindi. Kinachokosekana ni mtu wa mtaani kulipwa kwa kuokota, kuotesha na kumwagilia.

Tena mvule una mti dume na mti jike, mbalimbali. Mji ukibakiza mvule mmoja mkubwa penye makaburi na kujisifu kuwa umeuhifadhi, huenda unamtunza mjane. Hautazaa. Na hata penye miti inayozaa, usiokote gunia zima chini ya mti mmoja kwa kuwa uko karibu na barabara. Ukifanya hivyo umepanda ukoo mmoja, ndugu watupu, na ugonjwa ukija utawakuta wote wana udhaifu uleule. Okota kidogo hapa, kidogo kule, kwa miti mingi iliyo mbalimbali. Lori halina subira hiyo. Mtoto wa shule mwenye mfuko anayo.

Lakini mtu asije akayachukua maneno haya akaingia kaya na gunia. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliwekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, ila ulinzi wake haukuanza na UNESCO. Ulianza na miiko: humo mti haukatwi, na hata kijiti kikavu hakitoki. Wazee hao ndio waliotubakizia miti mama. Anayetaka mbegu za ukingoni aende kwao, avue viatu, akae chini, aambiwe ndiyo au aambiwe la. Mjapani Akira Miyawaki, mtaalamu wa mimea aliyefariki mwaka 2021, alipotaka kujua misitu ya asili ya nchi yake ilikuwaje, hakuishia kwenye mashamba ya miti ya mbao. Alikwenda kwenye mahekalu, penye vichaka ambavyo watu waliogopa kuvigusa, akajifunza hapo ni mti gani huishi na mti gani. Leo dunia nzima inaipanda misitu yake midogo ya mijini. Sisi kaya tunazo, na tunazipita kwa gari tukiwahi semina ya kufundishwa mbinu za Mjapani.

Mwenye shaka kwamba miti hii itakubali kuishi mjini, juu ya mwamba wa matumbawe, aende Gede. Ule ulikuwa mji wa mawe, wenye msikiti mkubwa, kasri na visima, na ulipohamwa katika karne ya 17 msitu uliingia mpaka vyumbani. Mizizi imekumbatia kuta. Hakuna mgeni wa heshima aliyekwenda kuzindua msitu ule. Kazi ilifanywa na ndege, popo na kima, kwa mbegu za jirani. Mwaka 2024 Gede nayo ikaingia katika urithi wa dunia, na watalii wanalipa kwenda kukaa kwenye kivuli ambacho hatukutaka kukiotesha mtaani kwetu.

Wangari Maathai alilijua hili tangu 1977. Wanawake wake waliambiwa kuotesha miti ni kazi ya wenye vyeti. Wakaenda wakaokota mbegu za karibu nao, wakaziotesha kwenye mikebe na vyungu vilivyovunjika. Siku hizi kila afisa anamtaja Maathai kwenye hotuba, kisha anaagiza miche kwa zabuni.

Kuna neno limenikaa kooni muda wote huu: mwenyeji. Pwani hii ni neno la kushikwa kwa ncha za vidole. Mwaka 1997 kule Likoni watu waliuawa na wengine wakafukuzwa kwa sababu waliitwa wa bara. Na huu mtaa wetu jina lake lenyewe ni la watu waliokuja, waliotoka ziwa moja wakaifuata bahari, wakauita mahali walipofikia kwa jina la walikotoka. Sitaki mtu aichukue hoja ya miti akaivisha watu. Mti ni mwenyeji kwa sababu ya wanaoula. Wakulima wa kando ya Arabuko-Sokoke wanaofuga vipepeo na kuwauza kupitia mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, wanaelewa hili kuliko maprofesa wengi: kila kiwavi ana jani lake, na ukimpa jani asilolijua atakufa njaa huku amezungukwa na chakula. Mbuyu hufungua maua yake usiku ukingoja popo, na popo anajua. Miadi hiyo imechukua maelfu ya miaka kupangwa. Binadamu hana kiwavi wake. Binadamu hula popote anapopikiwa. Mama wa Kijaluo wa Kisumu Ndogo aliyeotesha mkwaju kwenye mkebe wa Kimbo ameufanyia mji huu zaidi ya sisi tunaohesabu vizazi vya babu zetu hapa. Tena mkwaju anaujua tangu kwao. Huko wanauita chwaa.

Wala sisemi kila mgeni ang'oke. Mwembe ulitoka Asia, mkanju ulitoka Brazil, na atakayeugusa mwembe wangu tutakosana. Ninachosema ni kwamba fedha za umma, ardhi ya umma na jasho la wanafunzi vielekezwe kwenye miti ambayo bila sisi haitarudi.

Nitaambiwa inakawia. Kweli, inakawia. Mbambakofi utakaouotesha leo hautakupa kivuli cha maana kabla mwanao hajaoa. Ndiyo sababu mwarobaini uliopo uachwe, na huo mwingine upandwe ubavuni mwake, na mkuyu uwekwe pale penye maji ya kutosha maana wenyewe una haraka kidogo. Lakini hoja ya kukawia ina ujanja ndani yake. Wanaoitoa ndio hao ambao miche yao ya haraka inakufa kila mwaka na kupandwa upya kwenye shimo lilelile, kwa bajeti mpya. Lipeni kwa mti ulio hai mwaka wa pili, msilipe kwa mche uliotiwa ardhini, muone kasi itakavyobadilika. Anayebeba mtungi wa maji ya kununua kuwagilia mti wa barabarani wakati wa kiangazi anafanya kazi, na kazi hulipwa.

Haya yote bado hayajagusa penye uzito. Uzito uko kwenye ardhi.

Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, madai ya ardhi katika ukanda wa maili kumi yaliposajiliwa kwa wengine, Wamijikenda wengi walijikuta maskwota kwenye mashamba waliyoyalima. Kuanzia hapo mti pwani ukawa kauli ya mahakamani. Aliyepanda mnazi au mwembe amesema: nipo hapa, na nitakuwepo. Mwenye hati anaisikia kauli hiyo vizuri sana, na ndiyo maana skwota aliachiwa mahindi na mihogo, akakatazwa miti ya kudumu. Mitaa ya mjini iliurithi mpango huo kwa sura nyingine: nyumba ni yako, kiwanja si chako, kila mwezi unalipia udongo ulio chini ya kitanda chako. Nilimwuliza mama mmoja anayeishi hivyo kwa nini uani ana mchicha na hana mti.

"Mwanangu," akanijibu, "mchicha haumtishi mtu."

Na mwenye ardhi upande wake hana anayemuuliza. Mwaka 2022 mibuyu mizima ya Kilifi iling'olewa na mashine, mizizi ikafungwa, isafirishwe hadi Jojia ikapambe bustani ya huko. Mpaka Rais mwenyewe akaagiza uchunguzi, Novemba mwaka huo. Simlaumu mkulima aliyeuza. Shida anaijua yeye, na mbuyu kwake ulikuwa umekalia nafasi ya mahindi. Ninachoshangaa ni kwamba mgeni alikuwa tayari kulipia meli kwa ajili ya mbuyu mzee, na sisi hatujawa tayari kulipia mfuko wa mchanga kwa ajili ya mbegu yake.

Sasa, zamani pwani ilikuwa na akili moja ambayo sheria za hati ziliidharau: mti na ardhi vingeweza kuwa na wenyewe wawili. Shamba la huyu, minazi ya yule, na watu wakaelewana. Bunge la kaunti likitaka kivuli mijini lianzie hapo badala ya kuanzia kwenye miche. Litunge kifungu kinachosema mti wa kivuli uliopandwa na mpangaji wa kiwanja si dai la ardhi, hauwezi kutumiwa naye kama ushahidi wa umiliki, na hauwezi kutumiwa na mwenye ardhi kama sababu ya kumfukuza au kumpandishia kodi. Mwenye hati atalala usingizi, na mama yule atapata mahali pa kuweka kiti. Wakati kifungu hicho kinangojwa, na kitangojwa, zipo sehemu zisizokuwa na mwenye kodi wa kutishwa: viwanja vya misikiti na makanisa, makaburi, shule, kingo za barabara. Kamati ya msikiti haihitaji zabuni ili iotesha mikwaju sita. Inahitaji mikebe, mchanga, kivuli cha mkeka uliochakaa juu ya miche, na kijana mmoja aliyepewa chochote kila Ijumaa ili asisahau maji.

Mbegu nyingine zinangoja kwenye debe. Za mnwamaji hazingoji, kwa hiyo mwenye kujua mmoja uliobaki hapa mjini aanze kupita chini yake kila asubuhi matunda yanapoiva, kabla ya wafagiaji.